Video za bidhaa zavuka mpaka kabla ya mzigo

Kwa miaka mingi mnunuzi wa jumla kutoka Lusaka, Lubumbashi au Lilongwe aliyetaka mikoba, viatu au vyombo vya nyumbani vinavyoingia kupitia bandari ya Dar es Salaam alipanda basi, akalala Kariakoo siku mbili tatu, akapita duka kwa duka akishika bidhaa kwa mkono wake kabla ya kutoa fedha. Safari hizo bado zipo. Lakini maongezi mengi ya awali sasa yamehamia kwenye simu, na kinachoyaanzisha ni video fupi ya sekunde 10 au 15 iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp au kuwekwa TikTok.

Jambo ambalo si kila mnunuzi analitambua ni kwamba baadhi ya video hizo hazikupigwa na kamera ya video hata kidogo. Zimetengenezwa kutokana na picha ya mnato, moja au mbili, na mara nyingine picha yenyewe si ya muuzaji bali ya kiwanda cha China alikoagiza. Programu ya simu imeipa mwendo, muziki na maandishi, na ndani ya dakika chache picha iliyolala imeamka.

Kwa mfanyabiashara mdogo huo ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba video ya namna hiyo haiwezi kujua kitu ambacho picha haikukionyesha. Inapoonyesha zaidi ya hapo, imebuni. Na gharama ya kubuni huko hujulikana mzigo ukishafika Nakonde au Kasumbalesa, wakati fedha zimeshatumwa na mwenye gari ameshalipa mafuta.

Njia mbili zinazofanana machoni

Kuna namna mbili za kuifanya picha itembee, na mtazamaji wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa haraka.

Ya kwanza ni ya zamani. Picha inabaki ilivyo, kinachosogea ni dirisha linaloitazama: linavuta karibu kwenye zipu, linateleza kutoka kisigino hadi ncha ya kiatu, kisha linahamia picha ya pili. Mtengenezaji wa filamu wa Marekani, Ken Burns, alijulikana sana kwa mbinu hiyo kupitia filamu yake ya mwaka 1990 kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, vita vya karne ya 19 ambavyo kumbukumbu yake ni picha za mnato tu. Mwaka 2003 kampuni ya Apple iliiweka mbinu hiyo, kwa jina la Burns mwenyewe, katika programu yake ya kuhariri video. Leo programu za bure za simu, CapCut ikiwa mojawapo, zinaifanya kwa kugusa kioo mara mbili tatu. Njia hii haiongezi kitu kwenye bidhaa. Kama picha ni ya kweli, video nayo ni ya kweli.

Ya pili ni ya juzi. Novemba 2023 kampuni ya Stability AI ilitoa programu iliyopokea picha moja na kuzalisha kutoka humo picha nyingine 14 au 25 zinazofuatana, zikawa kipande cha video cha sekunde chache. Februari 2024 OpenAI ilionyesha Sora, na Juni mwaka huo huo Kuaishou ya China ikatoa Kling. Baada ya hapo kazi hiyo ikaingia kwenye programu za kawaida ambazo mtu hahitaji utaalamu wowote kuzitumia. Hii ni akili bandia, ambayo Tanzania imezoea kuiita akili mnemba. Programu imefundishwa kwa video nyingi mno, na inapopewa picha inakisia ni kitu gani kingeonekana baadaye kama kamera ingesogea au bidhaa ingegeuzwa. Inakisia vizuri sana. Bado ni kukisia.

Chukulia mkoba wa kike ambao muuzaji ana picha yake moja tu, iliyopigwa kwa mbele. Programu inaagizwa iuzungushe polepole, kama vile umewekwa juu ya meza inayozunguka. Mwanzoni hakuna shaka, kwa kuwa mbele ya mkoba ipo kwenye picha. Ukianza kugeuka unaonekana ubavu, kisha mgongo, na hapo programu inafika mahali ambapo haijawahi kuona kitu. Hairudi kumuuliza muuzaji. Inaweka mgongo unaofanana na wa mikoba mingi iliyojifunzia: pengine mfuko wenye zipu, pengine mshono mzuri wa nyuzi mbili, pengine bangili za chuma za kushikia mkanda. Mnunuzi aliyeko Ndola ameuona mfuko wa nyuma kwa macho yake, ukimeta. Anaagiza dazani 10. Mikoba 120 inafika haina mfuko wa nyuma.

Muuzaji anaweza kuapa kwamba hakusema uongo, na kweli hakutamka neno lolote kuhusu mfuko. Wala hakuuona mwenyewe, kwa maana aliitazama video kama watu wote wanavyoitazama, akafurahi kwamba imependeza, akaituma.

Viatu vina shida ya soli, kwa sababu picha za viatu hupigwa ubavuni na soli hubuniwa. Kitambaa kina shida ya mwendo: poliesta na pamba hazianguki namna moja, lakini programu hukipeperusha kila kitambaa kama hariri. Vikapu vya ukili ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa kuwa mistari ya msuko huungana na kuyeyuka kikapu kinapogeuka, na kazi ya mikono ya siku kadhaa ikaonekana kama plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu. Hapo muuzaji amejiharibia mwenyewe bila hata kumdanganya mtu.

Halafu kuna vifaa vya umeme. Blenda iliyopigwa picha kwa mbele haionyeshi plagi yake. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi zinatumia plagi ya miguu mitatu bapa, ilhali Congo na Burundi soketi za kawaida ni za miguu ya duara. Video ikibuni plagi, mnunuzi wa Bujumbura au Lubumbashi anaweza kuona ile anayoitaka na kupokea asiyoihitaji. Ni kitu kidogo, cha kubadilishwa kwa adapta. Kwa katoni 50 si kidogo tena.

Maelezo yanavyosafiri hadi forodha

Wasafirishaji wanaweza kudhani kwamba haya ni ya wauzaji na wateja wao. Mambo hayaishii hapo, kwa sababu maneno yaliyoandikwa kwenye video mara nyingi ndiyo yanayonakiliwa kwenye oda, oda ikanakiliwa kwenye ankara, na ankara ndiyo anayoishika wakala wa forodha.

Mkoba ulioandikwa "ngozi" kwenye video, ukang'aa kama ngozi, kumbe ni plastiki laini ambayo sokoni huitwa leza, una nafasi yake tofauti katika orodha ya kimataifa ya bidhaa inayotumiwa na forodha. Mikoba ya mkononi yenye uso wa ngozi iko 4202.21, yenye uso wa plastiki au kitambaa iko 4202.22. Viatu vyenye sehemu ya juu ya ngozi viko 6403, na viatu ambavyo soli na sehemu ya juu ni mpira au plastiki viko 6402. Hata pale ushuru unapolingana, karatasi inayosema kitu kimoja na katoni yenye kitu kingine inatosha kuleta maswali, kufunguliwa kwa mzigo na gari kulala. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu tamko lisilo sahihi kuwa kosa, na ofisa anayeshika karatasi hana sababu ya kuuliza tangazo lilitengenezwa na programu gani.

Kwa gari linalobeba katoni za watu kumi, shaka juu ya mmoja inawachelewesha tisa wengine.

Shida kubwa zaidi ni mzigo unaokataliwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo gari hukaguliwa upande mmoja badala ya kusimama pande zote mbili. Utaratibu huo umepunguza karatasi za kuvuka, lakini hauna dirisha la mnunuzi anayesema "hii siyo niliyoiona kwenye simu". Mzigo ukishaingizwa Zambia, kuurudisha ni kuutoa Zambia na kuuingiza tena Tanzania, kwa nyaraka mpya na gharama mpya. Kwa hiyo haurudi. Unakaa stoo, unauzwa kwa bei ya kutupa, au unabaki mikononi mwa dereva aliyepewa ahadi kwamba nusu ya nauli ataipokea huko huko kwa mwenye mzigo.

Hapo ndipo msafirishaji anapogundua kwamba naye alikuwa mmoja wa waliodanganywa na video ambayo pengine hakuwahi kuiona.

Kwa nini wauzaji hawataacha

Ni rahisi kusema kila bidhaa ipigwe video ya kweli. Anayesema hivyo hajasimama kwenye duka la jumla siku kontena linapofunguliwa. Miundo inaweza kuwa 200, baadhi itaisha kabla ya wiki kwisha, fremu yenyewe haina nafasi ya kugeuka, mwanga ni wa taa moja na kelele ya mkokoteni haikomi. Kumlipa mpiga video kwa kila muundo kunakula faida yote ya dazani ya kwanza. Picha inapigwa mara moja na kazi imekwisha.

Aidha, kwa mama anayeuza batiki au vikapu kutoka mkoani, video iliyotengenezwa kwa picha zake nne ndiyo inayomfikisha kwa mnunuzi wa Nairobi au Kigali bila nauli. Bidhaa yake inatoka ndani ya Jumuiya, hivyo ikiwa imo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Mkoba wa China uliopitia Kariakoo hauna nafuu hiyo. Inashangaza kwamba wenye nafuu hii ndio wenye video chache zaidi, na wenye kontena ndio wanaojaza makundi ya WhatsApp kila asubuhi.

Kinachotakiwa basi ni kuitumia picha bila kuizidi. Wanaoifanya vizuri huanza na picha nyingi zaidi badala ya programu kali zaidi. Kwa mkoba ni picha sita: mbele, nyuma, ubavu, ndani hadi bitana ionekane, lebo, na moja mkoba ukiwa kando ya kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama chupa ya maji ya nusu lita. Kila picha ikikaa sekunde mbili au mbili na nusu, video imetimia sekunde 15 na hakuna mahali ambapo programu imelazimika kukisia. Mwanga wa mlangoni asubuhi unatosha. Shuka jeupe lililonyooshwa nyuma linatosha pia.

Ubora wa picha yenyewe ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Video ya kusimama, ile ya TikTok, ina nukta 1,080 kwa upana na 1,920 kwa urefu. Picha ya simu ya megapikseli 12 ikisimamishwa ina takriban 3,000 kwa 4,000, hivyo inaweza kuvutwa karibu mara mbili kabla ya kuanza kufifia. Lakini picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na upande wake mrefu hubaki na nukta kama 1,600. Hiyo haijazi hata kioo, sembuse kuvutwa. Ndiyo sababu ya ule ukungu unaoonekana kwenye video za madalali, kwa kuwa picha yao imepita simu tatu kabla ya kuwa video. Aliyeko dukani akimtumia mwenzake picha kama dokumenti, au kwa chaguo la ubora wa juu ambalo WhatsApp ililiongeza mwaka 2023, ukungu huo haupo, na programu haipati kisingizio cha kuchora upya nyuzi na herufi za lebo.

Bei nayo haifai kuandikwa juu ya video. Video haina tarehe ya mwisho. Inatumwa, inatumwa tena, na miezi mitatu baadaye mtu wa Kasumbalesa anaidai ile bei ilhali kwacha, faranga na shilingi zimeshahama. Bei ikae kwenye maelezo ya chini ambayo yanaweza kubadilishwa, pamoja na tarehe. Wauzaji wa Tanzania wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu: kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa mauzo ya ndani ya nchi, na video ya dola iliyokusudiwa mteja wa nje huonwa na mteja wa ndani vilevile.

Muziki ni jambo la kupita haraka. Akaunti ya biashara ya TikTok ina maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo, na wimbo wa msanii mashuhuri haumo kwa sababu tu unapendwa.

Sheria zipo, mbali kidogo

Hakuna upungufu wa sheria juu ya matangazo ya kupotosha. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ambayo inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, yenye vifungu mahsusi kuhusu mauzo ya intaneti. TikTok tangu 2023 inataka video zinazoonekana za kweli lakini zimetengenezwa na akili bandia ziwekewe alama. China yenyewe, zinakotoka bidhaa na baadhi ya programu hizi, ilianza Septemba 1, 2025 kulazimisha alama ya namna hiyo.

Hata hivyo sheria hizo ziliandikwa kwa muuzaji na mnunuzi wanaoweza kufikiana. Mwanamke wa Nakonde mwenye madai ya mikoba 120 hatafungua shauri Dar es Salaam, kwa kuwa nauli na siku za kusubiri zitazidi thamani ya mikoba. Na kundi la WhatsApp halina alama ya lazima wala msimamizi mwingine zaidi ya mtu aliyelianzisha, ambaye mara nyingi ndiye muuzaji.

Kwa hiyo ulinzi unaofanya kazi ni ule unaowekwa kabla ya gari kuondoka. Mnunuzi ana haki ya kuomba picha za mnato ambazo video imetokana nazo, zote, hazijaguswa. Muuzaji mwenye mali stoo anazituma ndani ya dakika tano. Anayesita mara nyingi hana mali, ana picha ya kiwanda. Msafirishaji kwa upande wake anaweza kufungua katoni moja wakati wa kupakia, akapiga picha bidhaa ikiwa kando ya ankara, mbele na nyuma, na kuituma kwa mpokeaji akisubiri jibu la "sawa" kabla ya kufunga turubai. Kazi hiyo haizidi robo saa. Inampa pia kitu cha kuonyesha mpakani na kwa mwenye mzigo kama maneno yatageuka. Ni vyema pia iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, nani atalipa stoo na nani atalipa nauli iliyobaki endapo mzigo utakataliwa, maana makubaliano ya mdomo ya Dar es Salaam husahaulika mapema sana njiani.

Hali iliyo ngumu zaidi ni pale kontena likiwa bado baharini. Hapo picha ya kiwanda ndiyo pekee iliyopo, na muuzaji anahitaji oda ili alipie ushuru litakapofika. Video inatengenezwa kwa picha hiyo hiyo na mauzo yanaanza wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote wa upande huu kuigusa bidhaa. Wapo wanaolifanya hili bila ugomvi. Kwenye video wanaandika wazi kwamba mzigo haujafika na picha ni ya kiwanda, wanapokea malipo ya awali tu, na siku kontena linapofunguliwa wanapiga picha mpya sita za kila muundo na kuzituma kwa wote walioweka oda. Anayekubali anamalizia malipo na katoni zake zinapakiwa. Anayekataa anarudishiwa fedha zake mzigo ukiwa bado Kariakoo, ambako mteja mwingine hupatikana siku hiyo hiyo.